Aliyefunga Kamba Hayumo Kitabuni

Enyi jamaa zangu mliotawanyika Maskati na Dubai, Mombasa na London, Toronto na hapa tulipo sisi baina ya Virginia na Maryland, nakuombeni subira ya kuyasoma maneno ya karani mstaafu mwenye vidole vilivyochubuka kwa kamba.

Siku ya pili ya Idi iliyopita tulikusanyika nyumbani kwa jamaa yetu mmoja huko Fairfax. Tulipokwisha kula na kahawa ikaanza kuzunguka, kijana mmoja wa ukoo akaipitisha simu yake mkono kwa mkono. Ndani yake mlikuwamo picha yangu, niliyopigwa gatini Alexandria bila ya mimi kujua: mzee mwenye kofia ya viua, suruali imekunjwa hadi magotini, amepiga goti juu ya mbao, anafunga kamba ya mashua yake. Wakacheka. Kijana akaniuliza, "Ami, umeacha ukarani ili uwe kuli?" Nikacheka nami, kwani mtoto ana haki ya kumtania ami yake. Lakini mzee mmoja, rika langu, hakucheka. Alisema kwa sauti ya mtu anayetoa fatwa: "Kamba si kazi ya watu wa nyumba yetu. Sisi ni wana wa manahodha." Na baraza zima likaitikia kwa vichwa.

Sikumjibu siku ile, kwa heshima ya mwenye nyumba. Namjibu leo. Namjibu kwa sababu maneno yale yale, au yanayofanana nayo, yamekusudiwa kuwa ufunguzi wa kitabu cha ukoo wetu kitakachopigwa chapa; nami nadai kwamba kitabu kinachofunguliwa kwa maneno hayo kitakuwa kimefunguliwa kwa uongo. Hoja yangu sikuipata maktabani. Niliipata gatini, nikiwa peke yangu, nikijaribu kukiegesha chombo kidogo bila ya msaidizi.

Niwaeleze kwanza chombo chenyewe. Ni mashua ya futi 22, yenye mlingoti mmoja, matanga mawili, na mashine ndogo inayoning'inia tezini. Niliinunua kuukuu mwaka niliostaafu. Huiweka katika mto Potomac, upande wa Alexandria, mahali ambapo ndege zinazotua uwanja wa Reagan hupita juu ya kichwa cha mlingoti hata mtu hukatisha mazungumzo. Maji ya hapo ni matamu, hayana chumvi, lakini hujaa na kupwa kama bahari, mara mbili kila siku, kwa kimo kinachokaribia mita moja. Mtu wa Unguja, ambako bamvua hufika kiasi cha mita nne, angeyaona maji haya kuwa ni ya kuogea watoto. Na mimi niliyaona hivyo, mpaka yaliponitia adabu.

Mke wangu hapendi maji, na watoto wangu wana kazi zao. Kwa hiyo hutoka peke yangu. Katikati ya mto upweke ni raha tupu: kana mkononi, tanga limejaa, Maryland upande mmoja na Virginia upande wa pili. Upweke hugeuka kuwa mtihani wakati wa kurejea. Mashua haina breki. Uzito wake unapita tani moja, na uzito huo unapoelekea gatini, nguvu za mzee wa miaka sitini na kitu haziwezi kuuzuia. Upepo unasukuma juu, mkondo unavuta chini, na nguzo za gati hazimhurumii mtu.

Msimu wangu wa kwanza nilikuja gatini upepo ukiwa mgongoni mwangu. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Nilikuja kwa haraka, nikidhani haraka ni ustadi. Hilo likawa la pili. La tatu, nilipoona mbao ziko karibu, niliruka na kamba ya omo mkononi, kama nilivyowaona mabaharia wa Malindi wakiruka nilipokuwa mtoto. Kamba ikanasa. Mashua, ambayo sasa haikuwa na mtu ndani yake, ikageuka, tezi ikaenda nje, ikampiga ubavu jirani yangu wa gatini. Nami nikateleza nikaingia majini baina ya nguzo na chombo, maji yakanifika kifuani na muundi wa mguu ukachunika. Aliyeniokoa ni bibi mmoja wa Kimarekani aliyenizidi umri, mwenye mashua ya pili kutoka yangu. Alikivuta chombo changu kwa kamba ile ile, akakifunga kwa mizunguko mitatu, kisha akanipa mkono. Nilipokwisha kutweta aliniambia neno ambalo nimelihifadhi: anayeruka amekwisha kushindwa.

Yeye ndiye aliyenifundisha, na mafundisho yake nayaandika hapa kwa ajili ya kila kijana wa ukoo anayedhani kwamba damu ya mabaharia inatosha.

Kazi ya gatini hufanywa kabla ya kufika gatini. Nikiwa bado mbali, penye maji mapana, naning'iniza maboya ya mpira ya kukinga ubavu, naziweka tayari kamba za omo na tezi, na juu ya yote naitengeneza kamba ya kiunoni. Hii ni kamba iliyofungwa katikati ya ubavu wa mashua, ikapitishwa nje ya kamba zinazoushikilia mlingoti, na ncha yake ikarudi hadi nilipoketi. Kisha nautazama upepo na nayatazama maji. Ikiwa upepo unavuma kutoka kusini ilhali maji yanakupwa kuelekea kusini, najiuliza ni yupi mwenye nguvu leo. Nikishamjua, naja gatini nikiwa nimemkabili, ili yeye awe ndiye breki niliyonyimwa. Naja kwa mwendo wa bibi harusi. Wazee wetu walisema kawia ufike, na sijui mahali panapostahili methali hiyo kuliko hapo.

Mashua ikishaegemea mbao, siruki. Nanyoosha mkono tu, natia kitanzi cha kamba ya kiunoni katika kile chuma chenye pembe mbili kilichopigiliwa gatini, nyuma kidogo ya usawa wa kiuno cha mashua. Kwa nini kamba hiyo, isiwe ya omo wala ya tezi? Kwa sababu ukivuta omo pekee, tezi itatoka nje. Ukivuta tezi pekee, omo itakimbia. Ukishika kiuno, chombo chote hukujia. Naiacha mashine isukume mbele polepole, kana nimeielekeza upande wa gati, kamba inakazika, na mashua inajibana yenyewe ubavuni mwa mbao na kutulia. Hapo ndipo ninaposhuka, kwa hatua ya mtu anayetoka msikitini, nikafunga kamba zilizobaki. Na penye boya badala ya gati, naliendea boya nikiukabili upepo, nalileta ubavuni karibu na nilipoketi, kwani mtu mmoja hawezi kuwa omoni na tezini kwa wakati mmoja. Mambo yakiharibika, naondoka, nazunguka, naanza upya. Kuzunguka mara tatu si aibu. Aibu ni kuruka.

Sasa nisikilizeni, enyi wana wa manahodha.

Mimi nimekuwa karani kwa miaka zaidi ya thelathini, na karani akiona kazi huihesabu. Nilihesabu kazi zinazotakiwa ili chombo kitoke mtoni kikafungwe salama. Nilipata saba: kuusoma upepo na maji na kuamua, kushika kana, kushusha tanga, kukinga ubavu, kutengeneza kamba, kuifikisha kamba nchi kavu, na kuifunga ikafungika. Katika jahazi la wazee wetu kila kazi ilikuwa na mwenyewe. Nahodha aliketi tezini akaamua. Mshika usukani alishika. Sarahangi alipeleka amri. Mabaharia walishusha foromali na tanga, wakakinga, wakatengeneza kamba, na mmoja wao akajitupa majini na ncha ya amari begani ili akaifunge. Mimi nikiwa peke yangu nazifanya zote saba, na kila jioni naonja tofauti yake. Kazi ya nahodha ni kubwa, wala siidharau. Usipoifanya, nyingine sita zitakuvunjia chombo. Lakini ni moja katika saba. Basi nakuulizeni: zile sita zilifanywa na nani? Na mbona katika mti wa nasaba uliochorwa kwa ajili ya kitabu chetu, wenye matawi mengi na wino wa dhahabu, sioni hata jani moja la mtu wa kamba?

Mzee wangu atasema kuwa watu hao hawakuwa wa nyumba yetu. Namjibu kwa daftari.

Daftari la baba wa babu yangu liko kwangu, na nyote mnajua kwamba ni wachache waliobaki katika ukoo wawezao kulisoma, kwa kuwa limeandikwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu, tena hati ya mtu mwenye haraka. Ndani yake mna misimu minne, kwenda na kaskazi na kurudi na kusi: tende na chumvi zilizoshushwa, boriti zilizopakiwa, ushuru, mafuta ya papa ya kupaka chombo. Mwisho wa kila msimu mna orodha ya watu. Nahodha ameandikwa kwa jina lake, na la baba yake, na la babu yake, hadi mtu wa tano. Mabaharia wameandikwa kila mmoja kwa jina moja tu. Na majina yenyewe, kwa mwenye kujua, yanasema: ni majina ya vito, ya baraka na ya siku za wiki, majina ya namna ile ambayo mabwana waliwapa watumwa. Daftari hili linaanza miaka michache baada ya 1897, mwaka ambao hadhi ya utumwa ilifutwa kwa sheria Unguja na Pemba. Sheria ilikwisha kubadilika, lakini majina yalibaki, na watu walibaki pale pale kwenye kamba.

Mmoja wao anatokea misimu yote minne. Mbele ya jina lake pameandikwa "wa amari", yaani mtu wa kamba kubwa. Huyo ndiye aliyekuwa akikifunga chombo tunachojisifia. Alilipwa fungu, kama ilivyokuwa desturi ya vyombo vya bahari ile: faida ilikwisha kutolewa gharama na hisa ya mwenye chombo, kisha kilichobaki wakagawana, na kabla ya safari kila baharia alikwisha kukopeshwa kitu cha kuwaachia watoto. Nimejumlisha na kutoa, tena na tena, kama nilivyozoea kazini. Mtu wa amari alimaliza msimu wa nne akiwa na deni kubwa kuliko lile aliloanza nalo msimu wa kwanza. Alifanya kazi misimu minne kwa baba wa babu yangu, na mwisho wa hesabu yeye ndiye aliyekuwa akidaiwa na sisi.

Wala halikuwa jambo la nyumba yetu peke yetu. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyepanda bumu la Kuwait huko Aden mwishoni mwa mwaka 1938 pamoja na nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, wakaja hadi Unguja na Rufiji kuchukua boriti, aliyaeleza madeni ya namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1940: baharia anadaiwa na nahodha, nahodha anadaiwa na mfanyabiashara, na kila msimu mpya unaanza kwa deni la msimu uliopita. Kitabu hicho kimo katika rafu za nyumba zetu nyingi. Tunaonyeshana picha za matanga yaliyojaa upepo. Kurasa za madeni tunazifunua upesi.

Najua pingamizi linalokuja, na si jepesi. Mtaniambia: ukiyaandika hayo, utawapa fimbo wale wale waliotutoa makwetu. Mwaka 1964 nilikuwa mtoto wa miaka minne. Nakumbuka mlango wetu ukigongwa, na nakumbuka bibi yangu akishona vipande vya dhahabu ndani ya pindo la kanga kabla hatujavuka kwenda bara na kisha Mombasa. Sihitaji kufundishwa tulichopoteza. Lakini dhuluma tuliyotendewa haikufuta deni tulilolibakisha. Aliyedhulumiwa hakupewa ruhusa ya kughushi daftari. Na tukidai, kama tunavyodai katika kila mkutano, kwamba historia yetu imeandikwa na wengine kwa kutufuta majina yetu, basi ni kwa uso gani sisi tunaandika yetu kwa kuwafuta wengine?

Tutazameni basi jambo tunalolipenda zaidi kuwasimulia Wamarekani. Kila mwenyeji akituuliza tumetoka wapi, tunamtajia meli ya Sultana. Tunamwambia kuwa Seyyid Said alifanya mkataba na Marekani mwaka 1833, na kwamba tarehe 30 Aprili 1840 meli yake iliingia New York, ikafungwa gatini mwisho wa mtaa wa Rector, imebeba pembe za ndovu, karafuu, sandarusi, tende, na zawadi za farasi na lulu kwa Rais Van Buren. Tunamtaja mjumbe, Ahmad bin Naaman al-Kaabi, ambaye Edward Mooney alimchora katika kilemba chake na picha ipo hadi leo. Hata nahodha Mwingereza aliyeileta, William Sleeman, anatajwa, ingawa sifa yake kubwa ilikuwa ulevi. Na Sandwith Drinker wa Philadelphia aliyeirudisha anatajwa pia. Yote hayo ni kweli, na ni fahari. Lakini meli haikujifunga yenyewe mtaa wa Rector. Lilikuwamo kundi zima la mabaharia, Waarabu na Wahindi na wengineo, walioshusha matanga na kutupa kamba mbele ya umati wa watu wasiopata kuona mfano wao. Je, nani katika sisi amewahi kunyanyua kikombe cha kahawa akamtaja hata mmoja wao? Tumejifunza jina la mlevi kwa kuwa alikuwa nahodha, tukawaacha waliokuwa na akili zao timamu kwa kuwa walikuwa wa kamba.

Upo upande wa pili unaonipinga, nao nauheshimu zaidi. Dada yangu mmoja aliniambia: wewe mwenyewe, kwa nini uende peke yako? Mkono mmoja haulei mwana. Chombo ni kazi ya jamaa. Upweke wa baharini ni ada ya watu wa huku, waliomfanya shujaa Joshua Slocum aliyeizunguka dunia peke yake baina ya mwaka 1895 na 1898. Kweli tupu. Sijivunii upweke wangu, na siku nitakayopata mtu wa kushika kamba nitamshukuru Mungu. Lakini sikuwa peke yangu hata siku moja. Bibi yule alinifundisha, jirani niliyempiga ubavu alinisamehe, na mikono yangu inafuata njia za mikono ya watu wa Malindi niliowatazama nikiwa mtoto bila ya kuuliza majina yao. Tena upweke umenipa faida moja ambayo baraza halijawahi kunipa: umeninyima mtu wa kumwamrisha. Anayefanya kazi zote saba hawezi kuidharau hata moja. Wazee walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Itazameni mikutano yetu: kila nyumba imeleta nahodha wake, kila nahodha na nasaba yake, na tukitafuta mtu wa kupanga viti tunatazamana.

Mwezi uliopita nilikwenda Annapolis, mji wa matanga wa jimbo la Maryland, mwendo wa chini ya saa moja kutoka hapa njia zikiwa tupu. Penye gati la mjini, katikati ya mashua za fahari, wameweka sanamu la shaba la Alex Haley ameketi, kitabu mkononi, akiwasomea watoto watatu. Limewekwa kwa kumkumbuka Kunta Kinte, ambaye Haley, katika kitabu chake cha mwaka 1976, alisimulia kuwa aliteremshwa bandarini hapo mwaka 1767 kutoka katika meli iitwayo Lord Ligonier. Nilisimama hapo muda mrefu. Sitawasifu watu wa huku kupita kiasi; walichelewa, na bado wanabishana. Lakini wamethubutu kuliweka jina la aliyeshushwa kwa minyororo pale pale matajiri wanapofunga mashua zao, na hakuna mashua iliyozama kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo nasema hivi, na nasema kwa maandishi ili lisije likageuzwa mdomoni. Nimeombwa kulifasiri daftari la baba wa babu yangu kwa ajili ya kitabu. Nitalifasiri lote au sitalifasiri kabisa. Sitatoa kurasa za tende na boriti na nasaba ya nahodha, halafu nikaziacha orodha za mwisho wa msimu. Majina ya mabaharia yatapigwa chapa kwa wino ule ule na ukubwa ule ule wa herufi, pamoja na mafungu yao na madeni yao, na mtu wa amari atakuwa na ukurasa wake. Pengine wapo wajukuu zake Unguja, Mombasa au hata Maskati, nao wana babu wa kutafuta kama sisi. Kitabu kikichapishwa bila ya orodha hizo, jina langu liondolewe humo. Nitabaki pamoja na waliosahauliwa, nami nitakuwa katika jamaa njema.

Na kwa kijana aliyeniuliza kama nimekuwa kuli, jibu ni ndiyo, mwanangu, kwa kazi sita katika saba. Wazee walisema, hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ni chini kabisa ya chombo, penye giza na maji machafu, na huko ndiko aliko mtu mliyemwacha. Jumamosi ijayo nitakuwa gatini Alexandria asubuhi, maji yanapoanza kujaa. Njoo na binamu zako. Vaeni viatu vya nyayo laini visivyoteleza, mje na glavu kama mikono yenu ni ya kompyuta. Kwanza nitawafundisha kufunga kamba, kisha kuifungua, kisha kuifunga tena mmefumba macho. Mkishaweza hayo, tutaketi ndani ya mashua nikawasomea majina.

Wasalaam.